Jiwe la Bahari Nililolichemsha

Nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Likasi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Angekuwa muuza makaa wa soko la Kikula aliyefanya nililofanya, watu wangesema maskini, hakujua. Mimi nilikuwa na daftari. Nilikuwa na penseli iliyochongwa, nilikuwa na lenzi ya shule niliyoichukua bila kumwomba mtu, na nilikuwa na kichwa kikubwa cha mwalimu ambaye kwa miaka kumi na minane amewaambia watoto wa wenzake: angalieni kwanza, jina litakuja baadaye. Niliangalia. Kisha nikakurupuka kutoa jina, na jina lile halikuwa lake, na aliyeumia ni mama yangu.

Kutoka kwetu hadi baharini ni siku nyingi za barabara. Mume wangu anazijua zote, kwa sababu anaendesha lori la shaba mpaka Dar es Salaam na kurudi. Anakwenda na shaba, anarudi na anachokipata: mchele, viatu, mara moja kiti cha kinyozi ambacho mpaka leo kimekaa uani na kuku wanalala juu yake. Huko Dar alifanya urafiki na mtu anayeuza samaki wa mapambo karibu na pale malori yanapongojea mzigo. Safari moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, akashusha mlangoni kwetu tangi la kioo lenye urefu wa mkono wangu, madumu manne ya maji ya bahari, gunia la chumvi ya kutengenezea mengine, mawe matano yaliyofungwa katika magazeti yaliyolowa, na mfuko wa plastiki wenye samaki wawili wa buluu wasiozidi kidole gumba. Walikuwa watatu alipoondoka Dar. Mmoja alifia kwenye foleni ya mpakani, Kasumbalesa.

"Njo bahari yako hii," akaniambia. "Kila siku unalia ati unafundisha batoto bintu haujaona na macho."

Nililia kweli, nikiwa nimeshika mlango. Baba yangu, marehemu, alikuwa fundi wa umeme kule kwenye bwawa la Koni, na alinifundisha kuunga betri na waya tangu nikiwa msichana, kwa hiyo pampu ya hewa haikunisumbua; umeme ukienda, betri ya gari inashika kazi. Wiki ya kwanza nilikaa mbele ya tangi lile tangu nilipotoka shuleni hadi chakula cha jioni. Samaki wawili, mawe matano, maji safi. Nilijua kila kilichokuwemo.

Wiki ya tatu nikaanza kuona visivyokuwemo.

Cha kwanza kilikuwa kinyota cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kimejibandika kwenye kioo. Nilihesabu mikono yake: sita, na mmoja mfupi. Kesho yake vilikuwa vinne. Kisha vikaja vidudu kama viroboto, vinarukaruka majini. Kisha mirija myeupe iliyojikunja juu ya jiwe, kila mrija ukitoa uzi mwembamba na kuuvuta tena ndani. Siku nyingine, chini ya jiwe kubwa palitoka mkono mrefu wenye vinyweleo, ukapapasa mchanga, ukarudi gizani; mwenye mkono sikumwona. Hakuna aliyeleta vitu hivi. Hakuna aliyefungua mfuniko. Najua kueleza: mawe yale hayakuwa mawe matupu, yalikuja na mayai na viumbe vilivyojificha kwenye matundu, ndiyo maana yule rafiki wa Dar anayaita mawe hai. Nilieleza hivyo kwa sauti ya darasani. Lakini niliwasha taa ya pili kabla ya kuandika, na usinicheke. Kaa wewe peke yako chumbani na sanduku linalozidi kujaa.

Mama alikuwa anaishi nami tangu baba afariki. Ni mwanamke mfupi, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, mwenye kifua kibovu kila msimu wa mvua. Alipoviona vile vinyota alifanya ishara ya msalaba na kukihamisha kiti chake mpaka upande wa pili wa sebule.

"Mutoto yangu, nani analeta hii banyama?"

"Hakuna muntu, mama. Ilikuya mu majiwe."

"Majiwe inazala?"

"Haizale, mama. Ilikuwa inajificha."

"Basi kama ilikuwa inajificha, iko na sababu."

Nilicheka. Nilimwambia yeye ndiye angefaa kuwa profesa, na yeye akanyanyua mdomo kama anavyofanya akichokozwa. Lakini jioni ile nilikagua mfuniko wa tangi mara mbili, nikauwekea tofali juu.

Kila kiumbe nilikipa ukurasa daftarini. Mchoro, ukubwa, anakaa wapi, anakula nini, anatembea au hatembei, kisha jina nililolitafuta kwenye kitabu changu cha zoolojia, kitabu cha Kifaransa ambacho jalada lake lilipotea zamani. Nikikosa jina, naandika la nyumbani. Ndivyo nilivyoviandika vile vya kahawia vilivyoota kwenye jiwe la upande wa dirishani. Vilikuwa duara, bapa, vimesongamana, kila kimoja ukubwa wa kifungo cha shati, na pindo la vinyuzi pembeni. Mchana vinafunguka, jioni vinajifunga. Havitembei. Sikuwahi kuviona vikila kitu. Katika tangi lote, hivyo peke yake havikunitisha hata kidogo. Niliandika: "Vifungo. Labda mwani." Ile labda niliiandika kwa herufi ndogo, kisha nikaisahau. Hata mama alivipenda. Alisema vinakumbusha koti la marehemu.

Halafu akatokea mnyoo.

Ilikuwa Alhamisi, kama saa kumi na mbili na nusu jioni, umeme ulikuwa umekatika na nilikuwa nakagua betri kwa tochi ya simu. Taa ikaangukia majini. Mnyoo alikuwa wa rangi ya waridi iliyopauka, mrefu kama kalamu, na pande zote mbili za mwili wake nywele nyeupe zinazochezacheza. Nusu yake ilikuwa bado ndani ya jiwe lile la vifungo. Kichwa chake kilikuwa ndani ya tumbo la samaki wangu mmoja, na samaki alikuwa amelala ubavu. Nilipiga kelele. Mama akapiga kelele kwa sababu mimi nimepiga. Nikatumbukiza mkono, mwalimu mzima, nimvute nje, naye akanichoma. Miiba myembamba kuliko unywele ikaingia kwenye vidole vitatu, kisha akarudi tunduni. Vidole viliwaka mpaka asubuhi.

Kitabuni nikakuta picha: mnyoo wa baharini, mla nyama, miiba yenye sumu. Picha yenyewe ilikuwa ya wino mweusi, na mnyoo wowote mwenye nywele angefanana nayo. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nikiandika jina lake kwa kalamu badala ya penseli. Nilikuwa naogopa, na mtu mwenye hofu anataka adui mwenye jina. Ijumaa nililipiga picha jiwe zima mchana kweupe, ncha ya mnyoo ikionekana tunduni, nikamtumia yule rafiki wa Dar. Niliuliza swali moja tu: huyu namuuaje? Ujumbe ukaondoka, haukufika. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Sasa nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa asipoelezwa. Sisi hapa kila kitu tunakipitisha motoni. Maji ya kunywa tunayachemsha. Nguo zikikauka uani tunazipiga pasi, hata chupi, hata nepi, kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na buu lake linaingia chini ya ngozi. Vyombo vya mgonjwa vinachemshwa, visu vya daktari vinachemshwa. Nimewafundisha wanafunzi hivyo na mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo sikukaa hata dakika moja kujiuliza. Jiwe lina mnyoo wa sumu, jiwe litachemshwa.

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha ya kumwaga. Kwa kawaida mbabula, lile jiko letu la makaa, tunaliwasha uani. Siku ile niliwasha barazani, makaa yaliposhika nikaliingiza jikoni, nikafunga dirisha kwa sababu maji yalikuwa yanarushwa ndani. Nikalitoa jiwe kwa mwiko wa bukari, ugali wetu, nikaliweka kwenye sufuria kubwa pamoja na maji yake ya chumvi, nikafunika. Lilipochemka nilifunua kuangalia. Mnyoo alikuwa ametoka, amekufa, amekuwa mweupe. Vifungo vilikuwa vimesinyaa na kuwa utelezi wa kahawia. Niliviona nikasikitika kidogo, nikajiambia vitaota tena. Mvuke ulikuwa na harufu nzito ya pwani, nadhani; sijawahi kufika pwani.

Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni, amejikunyata, anakohoa kile kikohozi chake cha mvua. Kwetu mtu akibanwa na kifua anajifunika: anainama juu ya nyungu, sufuria ya maji moto yenye chumvi na majani, blanketi kichwani, anavuta mvuke mpaka atoe jasho. Mimi ndiye niliyemwita. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye lilisemwa vingine.

"Mama, njo ujifunike. Hii maji iko na chumvi ya mubahari, itakufungulia kifua."

"Na ule mududu?"

"Alikufa. Moto haiache kitu."

Mama akalitazama lile sufuria, kisha akanitazama mimi.

"Bon. Weye njo unajua."

Akasogeza kigoda. Nilimfunika blanketi mwenyewe, nikalikandamiza pembeni mvuke usitoroke. Ndani nilimsikia akisali rozari, na alikaa humo kwa muda wa makumi mawili ya rozari hiyo. Alipotoka uso ulikuwa umelowa, na alisema mdomo wake una uchungu, kama mtu aliyelamba senti. Na mimi nilikuwa na uchungu huo huo ulimini. Tulisema ni vumbi la malori. Hapa kwetu kila kitu kichungu tunasema ni vumbi la malori, hata siku ya mvua.

Kabla ya saa sita mchana midomo yangu ilikuwa inawashawasha na miguu imekufa ganzi. Nilitapika mara moja. Mama alianza kutetemeka. Nilimwekea mablanketi matatu, bado meno yakawa yanagongana, na kikohozi chake kikabadilika. Hakikuwa tena kile ninachokijua tangu utotoni. Kilikuwa kifupi, kikavu, kama mtu anayegonga mlango akiwa na haraka. Saa nane tukampakia kwenye taksi kwenda hospitalini, kichwa chake mapajani mwangu, nikimwambia ni malaria tu, mama, ni malaria.

Na hospitalini walisema ni malaria. Walimtoboa kidole, wakasoma damu, wakaandika croix moja, alama moja ya vijidudu. Katika mji huu karibu kila mtu akipimwa anapata croix moja. Ungenipima mimi, ungempima dereva wa taksi, ungeikuta. Wakamtundikia kwinini. Mimi nilishukuru Mungu. Malaria naijua, ina ukurasa wake, ina dawa yake. Nilikaa kando ya kitanda mpaka kulipokucha Jumapili, nikiamini kila chupa inayoisha inamrudisha mama kwangu, na kila chupa iliyoisha ilimwacha anahema zaidi.

Asubuhi ile alifika mama mkubwa, dada yake mama, kutoka Kambove. Alikuja na chupa ya uji, kitenge cha kubadilisha, na swali. Si swali lake peke yake. Kwenye ukoo wetu, mtu mzima akiugua ghafla, ndugu zake wanakuja na kuuliza kitu kimoja kabla hata ya kuketi.

"Alikula nini? Nani alipika?"

"Alikula bukari na dagaa, mama mukubwa. Minye nilipika. Tulikula bote."

"Na weye hauna kitu?"

"Niko na kichwa tu."

Akaketi bila kuniondolea macho. Mama mkubwa si mtu mbaya, ndiye aliyemlea mama. Lakini nilikuwepo kwenye msiba mmoja wa ukoo ambapo swali lile liliulizwa mara tatu kwa mke wa marehemu, akajichanganya mara ya tatu, na kabla ya mazishi alikuwa ametoka kwenye nyumba yake na begi moja. Hakuna aliyemshtaki popote. Waliacha tu kumsalimia, mmoja mmoja, mpaka akaenda zake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita na nilimsaidia kubeba lile begi.

Ilikuwa saa tano kamili simu yangu ilipotetemeka. Ujumbe kutoka Dar.

"Shemeji, samahani kwa kuchelewa, simu ilikuwa kwa fundi. Huyo mnyoo usimuue, ni mfagiaji tu, anakula vilivyokufa. Samaki wako alikufa mwenyewe, yeye kamkuta. Miiba yake inawasha, basi. Ila hapo pembeni naona vile vya kahawia vya duara. Hivyo ni wanyama, siyo mwani, na vina sumu mbaya sana. Usivishike kwa mkono mtupu, usivisugue, na chonde chonde usije ukalichemsha hilo jiwe. Mvuke wake unaingia mapafuni na unaua watu."

Nilisoma mara moja. Sikuhitaji mara ya pili. Niliona sufuria, niliona mikono yangu ikikandamiza blanketi. Kando yangu mama alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, kifua kikipanda na kushuka. Ng'ambo ya kitanda mama mkubwa alikuwa anakunja kitenge.

Niliizima simu, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu, nikaketi.

Ningependa kusema kwamba nilichanganyikiwa, au sikuamini. Hapana. Niliamini kila neno. Nilielewa papo hapo kwamba mama hana malaria, kwamba kwinini ile haimsaidii, na kwamba daktari aliyekuwa chumba cha tatu kutoka hapo alipaswa kujua. Lakini ili ajue ingebidi nitamke neno sumu mbele ya mama mkubwa. Sumu, nyungu, na mimi niliyemwita. Nilijiambia nitasubiri mama mkubwa aende msalani. Akaenda, akarudi, sikuinuka. Nilijiambia nitasubiri daktari apite. Akapita, akagusa paji la uso la mama, akaniuliza kama amekojoa, nikasema ndiyo, docteur. Nilihesabu pumzi za mama kwa saa ya ukutani: thelathini na mbili kwa dakika, kisha thelathini na sita. Kuhesabu najua sana. Saa saba. Saa nane. Niliogopa mama asife na niliogopa asije akasema yule mwanamke wa Kambove, na hofu hizi mbili zikakaa pamoja, na hakuna iliyoisukuma nyingine nje.

Saa tisa midomo ya mama ikawa rangi ya majivu. Hapo nilikimbia.

Daktari alikuwa kijana, hata miaka thelathini sidhani. Nilimpa simu nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Alisoma, akarudia.

"Alivuta hii mvuke? Dakika ngapi?"

"Kumi. Labda zaidi."

"Na weye unajua depuis quand, tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi, docteur. Message inaingia sasa hivi."

Aliniamini. Alisema hajawahi kusikia kitu kama hiki, na dawa ya sumu yenyewe haipo. Kinachowezekana ni kuyasaidia mapafu na kungoja. Aliikata kwinini kwa mkono wake mwenyewe, maana alihofia itaudhuru moyo wa mama. Wakaleta mashine ya oksijeni kutoka wodi ya wazazi, wakamchoma sindano ya kufungua pumzi. Wakati wanamfunga ile barakoa, alituuliza, mama mkubwa akiwa amesimama pale pale, kama kuna mwingine aliyekaa karibu na lile sufuria.

"Nyungu gani?" akauliza mama mkubwa.

Nilimweleza. Nilisema jiwe la bahari, nilisema sikujua lina sumu. Nilipofika pale ambapo mama anainama juu ya sufuria, nilisema tu, "kisha mama akajifunika", haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Mama mkubwa hakupiga kelele. Alikaza kitenge chake kiunoni, akatoka uani, na kupitia dirishani nilimwona akipiga simu moja, akamaliza, akapiga nyingine.

Siku tatu na zaidi mama alikuwa chini ya ile barakoa. Nilipita nyumbani mara moja kubadilisha nguo. Mume wangu, aliyekuwa njiani na lori, alinipigia akalia, kisha akaniunganisha na rafiki yake, naye akanieleza jinsi ya kulizika jiwe lile na sufuria lake, na glavu na kitambaa usoni, uani, mvua ikiwa imekatika. Nilifuata kila neno. Samaki aliyebaki nilimwangalia akizunguka peke yake na sikuhisi chochote. Hofu yangu yote ilikuwa hospitalini, na hata huko ilikuwa imegawanyika: nikisikia hatua koridoni, kabla sijajua kama ni muuguzi, tayari nimeshajiuliza kama ni watu wa Kambove.

Walikuja Alhamisi, watatu, ndugu zake mama, na mama mkubwa akiwa wa nne. Mama alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Barakoa ilikuwa imetolewa tangu asubuhi na sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye mluzi ndani yake, mluzi ambao haujaondoka mpaka leo. Waliketi kuzunguka kitanda. Mimi niliachwa nimesimama karibu na sinki, na hakuna aliyeniambia niketi.

"Sasa uko na nguvu ya kusema," mama mkubwa akaanza, kwa upole kabisa. "Tuambie, ndugu yangu. Siku ile, nani alikuita ku ile nyungu?"

Mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa sinki nyuma yangu. Niliona mambo yote yatakavyokuwa: watakavyoinuka, watakavyomchukua mama kwenda naye Kambove, watakavyoacha kunisalimia mmoja mmoja. Na nilijua kwamba mama yangu hasemi uongo. Amenichapa kwa uongo mdogo kuliko huo.

"Hakuna muntu," mama akasema. Akapumzika. "Minye mwenyewe. Nilisikia baridi, nikaona nyungu iko na maji ya moto, nikakamata blanketi. Huyu alikuwa mu chambre yake ya kulala. Alikuya kunikuta niko ndani."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Muniache sasa. Minye njo muzee wa kujifunika, nani atanifundisha?"

Mmoja wa ndugu akacheka kidogo, na kicheko kile kikafungua chumba. Mama mkubwa alinigeukia, akanitazama, kisha akachukua chupa ya uji na kunipa nimimine. Nilimimina. Nusu ilikwenda chini. Walikaa saa moja wakazungumza habari za mashamba na mvua, na walipoondoka kila mmoja alinipa mkono.

Niliwasindikiza hadi koridoni, nikarudi chumbani nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilitaka kumbusu mikono, nilitaka kumwambia yote, kwamba ni mimi niliyemwita, kana kwamba yeye hakuwepo.

"Mama, aksanti. Aksanti sana."

Alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Dimanche ile, siku yetu ya pili hapa," akasema, "nilikuona."

"Uliona nini, mama?"

"Ulisoma telefone. Ukaifunga mu kitenge." Akavuta pumzi, mluzi ukapanda na kushuka. "Kisha ukaikala pa kiti."

Muuguzi alipita mlangoni na toroli lake, magurudumu yakilia, akaenda zake.

"Mama, niliogopa."

"Najua. Minye pia nilikuwa naogopa." Akafungua macho, lakini hakunitazama mimi, alitazama dari. "Nilikuwa nakuangalia weye. Nilikuwa nasema mu roho, sasa atasema. Sasa atasema. Nilikuwa nahesabu na minye."

Kisha akaniomba nimgeuze, aelekee ukutani. Nilipitisha mkono mmoja chini ya bega lake na mwingine chini ya nyonga, nikamgeuza polepole, na nikamvutia shuka mpaka mabegani.